Mikopo Mitatu kwa Jina Langu

4 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako haipatikani tangu Januari, na pia kwa sababu mtu anayeshinda na karatasi kutwa nzima haoni tabu kuandika. Usicheke ukiona barua ni nyembamba kama tepe. Hivi ni vipande vya pembeni vya vitabu vya risiti tulivyokata jana.

Nina habari mbili, nzuri na mbaya, na zote ni habari moja. Bosi anaacha kazi. Macho yamemgomea, wiki iliyopita alikata rimu nzima ya karatasi ikaenda upande, akakaa chini akasema, "Basi, yametosha." Anauza karakana yote: mashine ya kukata, mashinikizo mawili ya kubania vitabu, meza, herufi za kuchapia, mpaka sufuria ya gundi. Na amenipa mimi nafasi ya kwanza. Miaka kumi na sita nimefunga vitabu pale, Kitinda, na sikuwahi kufikiri kwamba ufunguo ungeweza kuwa wangu. Amenipa hadi tarehe thelathini Aprili. Nyuma yangu kuna bwana mmoja anayetaka chumba kile kiwe stoo ya soda.

Nikaenda benki kuomba mkopo. Yule afisa alinipokea kwa tabasamu, akanikaribisha kiti, akauliza habari za nyumbani. Halafu akaandika namba ya kitambulisho changu kwenye kompyuta, na uso ukafungika.

"Dada, alama zako ziko chini sana. Una mikopo chechefu."

"Chechefu ndiyo nini?"

"Isiyolipwa."

Nikamwambia mimi sijawahi kukopa hata chumvi ikalala kwangu. Akasema yeye hana ugomvi na mimi, ndivyo taarifa inavyosema, na kama sikubaliani nayo niende kwenye ofisi inayotunza kumbukumbu za wakopaji, niombe taarifa yangu niisome mwenyewe. Nitakwenda wiki ijayo nikipata ruhusa.

Mambo ya Mama ni salama. Nilikuwa kwake Jumapili. Ameniambia mwezi huu tena umeleta. Ameweka mfereji mpya wa bati, na dawa za presha amechukua za miezi miwili. Ahsante sana, mdogo wangu. Nilipoacha shule ili wewe usome ufundi, watu walinicheka kwamba nimeuza ng'ombe nikanunua kamba. Kila Mama anaponionyesha ulicholeta, nasema moyoni, kumbe haikupotea.

Niandikie.

Dada yako


15 Machi

Dada yangu mpenzi,

Barua yako imenikuta mzima. Simu ilianguka ikafa, nitanunua nyingine mambo yakikaa sawa. Huku kazi ni nyingi. Majokofu hayana adabu, yanaharibika kwa zamu kama watoto wanaoambukizana mafua.

Nimecheka sana. Wewe na mikopo! Wewe uliyenirudisha dukani kwa miguu kwa sababu muuzaji alinizidishia chenji! Hayo ni makosa ya kompyuta. Majina yanafanana, mtu kakosea namba moja, basi. Usijisumbue sana na hiyo taarifa. Wakati mwingine ukifukua vitu kama hivyo unaongeza maneno tu. Jaribu benki nyingine.

Kuhusu Mama, usinishukuru. Kweli, Dada, usinishukuru.

Hongera kwa karakana. Nitafurahi kukuona bosi.

Kitinda


27 Machi

Kitinda,

Sijajaribu benki nyingine. Nilikwenda ile ofisi.

Ni chumba kimoja ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Viti vya plastiki vimefungwa pamoja kwa waya, na dirishani kuna dada mwenye miwani anayezungumza polepole kama muuguzi. Aliniambia kila mtu ana haki ya kuona taarifa yake, ila wengi huja wakati maji yameshafika shingoni. Akanichapishia kurasa nne, akanifundisha kuzisoma kwa ncha ya kalamu. "Anza juu. Jina lako, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, simu. Ukiona kosa hapo, huenda wamekuchanganya na mtu mwingine. Kisha njoo kwenye akaunti: nani alikukopesha, lini, kiasi gani. Kisha safu hii, siku za kuchelewa. Na mwisho, nani amekuwa akikuulizia."

Nilitamani kweli kuona kosa pale juu, Kitinda. Nilitamani jina liwe la mwingine. Lilikuwa langu, herufi kwa herufi.

Mikopo ni mitatu, yote ya simu. Wa kwanza umeanza mwaka jana Februari, umelipwa na kukopwa tena mara saba, kisha ukaachwa. Wa pili umeanza Agosti. Wa tatu Novemba. Safu ya siku za kuchelewa imejaa tisini, tisini, tisini. Jumla na riba ni laki tatu na elfu arobaini. Tarehe zote za kukopa ni ishirini na nane, ishirini na tisa. Mwisho wa mwezi.

Nikauliza, simu gani hiyo? Akanionyesha tarakimu nne za mwisho. Nilizijua kabla hajaondoa kidole. Ni laini ya Mama.

Unakumbuka tulivyoisajili. Mashine ilikataa vidole vya Mama, vimechakaa havisomeki, nikaweka vyangu na kitambulisho changu. Kwa hiyo mbele ya sheria laini ile ni mimi. Na unakumbuka pia nani alikaa na ile simu siku nzima kwenye kibaraza, akimwekea Mama majina ya watu na namba ya siri. Ni wewe. Mimi mwenyewe siijui namba hiyo mpaka leo.

Nimekaa siku nne nikitafuta njia ya kutoliandika hili. Unatumaje fedha kwa Mama kila mwanzo wa mwezi, na laini yake inakopa kila mwisho wa mwezi? Unakopa kwa jina langu, halafu unampa Mama, mimi nakushukuru? Au ndiyo sababu ulisema nisifukue?

Yule dada wa dirishani amenipa fomu ya malalamiko. Nikisema mikopo si yangu, lazima niambatanishe karatasi ya polisi, na nitaje nani anashika ile laini, maana ni lazima watauliza. Bosi amesema akiona barua ya kuonyesha kwamba naanza kusafishwa, atamsubirisha yule mtu wa soda. Lakini sitatia saini kabla sijasikia kutoka kwako.

Nijibu ukweli. Usiniletee mzaha.

Dada


9 Aprili

Dada,

Sikukopa. Naapa kwa kaburi la Baba. Mimi si mwizi, mimi ni mwongo, na uongo wangu ni huu.

Sijamtumia Mama hata senti tangu mwaka jana Januari.

Mtambo wa chumba cha baridi ulizima siku ya Jumamosi. Ilikuwa zamu yangu na nilitoka saa mbili kabla ya wakati kwenda kutazama mpira. Jumatatu walifungua mlango, nyama yote imeharibika. Walinifukuza siku hiyo hiyo bila barua, na huku fundi wa majokofu asiye na barua ya alikotoka hapewi hata kufungua skrubu. Tangu hapo nashusha saruji kwenye maghala. Siku nyingine kazi ipo, siku nyingine tunakaa ukutani tukitazama barabara. Simu haikuanguka. Niliiuza.

Nilimwandikia Mama mara moja, nikamwambia nimesimama kazini kwa muda. Nilimwomba asikwambie mpaka nipate nyingine. Halafu kwenye simu ukaja ujumbe wako wa kwanza wa shukrani, umeandika kwamba nimeleta, na unga umenunuliwa. Nilishangaa. Nikadhani Mama anatumia pensheni yake ya ukarani, anakupa maneno tu ili unifikirie vizuri. Nilipaswa kukuambia siku ile ile. Nikanyamaza. Ujumbe wa pili ukaja, nikanyamaza tena. Dada, hujui ilivyo tamu kushukuriwa kwa kitu ambacho hukufanya, unapokuwa umelala njaa.

Sasa hesabu inakuwa moja tu, na umeshaiona. Usiende kwa Mama kwa hasira.

Kitinda


18 Aprili

Binti yangu,

Umeniachia karatasi nne mezani, ukaondoka bila kunywa chai. Nimezisoma zote. Umesahau kwamba nilikuwa karani. Miaka thelathini na moja nimeandika rejista za shule ile mpaka watoto wakanibatiza Mama Rejista, na sikuwahi kumwandika mtoto mahali pasipo pake. Sasa nimekuandika wewe.

Nitakuambia ilivyokuwa. Kitinda aliponiandikia kwamba kazi imekatika, wewe ulikuwa unakuja Jumapili hiyo. Uliingia ukaniuliza, "Ameleta?" Ndivyo ulivyouliza, kabla ya kuvua viatu. Nilikutazama uso. Ulikuwa na vidole vimekatwakatwa na karatasi, na gundi kwenye kucha, na miaka ishirini sijasahau siku uliyofunga madaftari yako kwa uzi ukaniambia, "Mpeni yeye ada." Nikasema, "Ameleta." Neno likatoka lenyewe.

Ukisema ameleta, lazima kionekane. Simu ilikuwa inaniandikia kila siku: kopa sasa, hakuna dhamana. Nikabonyeza. Fedha ikaingia kabla sijaondoa kidole, kama mtu aliyekuwa anangoja mlangoni. Sikujua kwamba wanaandika jina lako. Hilo niamini. Nilidhani laini iliyo mkononi mwangu deni lake ni langu. Mwanzoni nililipa kwa pensheni. Kisha mkopo mmoja nikaulipa kwa mwingine. Kukopa harusi, kulipa matanga. Nilikuwa nikilisema hilo kwa walimu waliokuja kuomba nyongeza ya mshahara mapema.

Na kingine, kwa sababu nadhani ndugu yako hajakueleza yote. Mara mbili aliniomba nauli ya kufuata kazi mji mwingine. Nikamtumia kwa jina la yule mwenye ghala anakoshusha saruji. Ni mkopo ule wa Agosti na ule wa Novemba. Usimkasirikie. Hakujua zinatoka wapi, na mimi sikumwambia ukweli.

Nimefikiri. Nitakwenda nawe kwenye hiyo ofisi, nitasema ni mimi. Waandike jina langu mahali pake. Karakana usiikose kwa ajili yangu.

Njoo Jumatano asubuhi. Nitakuwa nimevaa.

Mama yako


26 Aprili

Dada,

Barua yako nimeipata. Ni kweli nilimwomba Mama nauli mara mbili, naye aliniambia ni akiba yake ya mazishi. Nilikula akiba ya mazishi ya mama yangu nikienda kutafuta kazi ambazo hazikuwepo. Sikukuandikia kwa sababu nilipofika hapo kalamu ilikataa.

Sikiliza. Tia saini ile fomu. Mahali pa mtu anayeshika laini, andika mimi. Namba ya siri niliiweka mimi, ni kweli, hata polisi wakikuuliza hutasema uongo. Mimi sina kazi ya kufukuzwa, sina jina la kuharibika, sina mke wa kuaibika. Wakinifunga miezi sita, nitakula mara tatu kwa siku. Mama asiguswe. Wewe upate karakana yako.

Nimemtuma dereva wa lori na elfu nne. Ni chache, najua.

Kitinda


11 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako imefika tarehe mbili Mei, na elfu nne pia. Tulikuwa tumeshakwenda. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu sikuwa na la kuandika lililokuwa na mwisho.

Tulikwenda Jumatano ile, siku chache kabla ya mwisho wa muda wa Bosi. Mama alikuwa amevaa gauni la buluu la vikao vya walimu, na mkobani ameweka kalamu yake mwenyewe. Tulichukua namba arobaini na moja. Tulikaa saa mbili kwenye vile viti, na muda wote alikuwa akisoma tangazo la ukutani kwa sauti ndogo, akisahihisha makosa ya tahajia. Nilimwona ametulia kuliko mimi.

Tulipofika dirishani hakunisubiri. Alizungumza kwa ile sauti yake ya ofisini, na chumba kizima kikasikia.

"Mikopo hii mitatu ni yangu. Huyu binti hahusiki nayo. Laini ni yake kwa karatasi tu."

Yule dada wa miwani aliinamisha kichwa akasema polepole, "Mama, ukinieleza hivyo lazima niandike. Na nikiandika, inakwenda kwa wanasheria wa waliokopesha. Kukopa kwa jina la mtu mwingine ni kosa la jinai, hata kama ni la mwanao. Fikiri kwanza."

"Nimeshafikiri. Andika. Nimeandika watoto wa watu maisha yangu yote, najua kuandikwa ni nini."

Akaanza kumtajia jina lake, herufi moja moja, kama tulivyokuwa tukimsikia akiwatajia walimu wapya. Herufi ya kwanza. Ya pili. Nikaiona kalamu ya yule dada imegusa karatasi. Nilifikiri habari ya karakana, Kitinda, sitakuficha. Niliuona ufunguo. Halafu nikaona Mama, miaka sabini na mbili, kwenye benchi la polisi na presha yake na lile gauni la buluu.

Nikasema, "Msamehe, dada. Mama amechanganyikiwa. Siku hizi hajui anachosema. Mikopo ni yangu, nilikopa mimi."

Watu wa nyuma walikohoa kwa huruma. Mtu mmoja akasema, "Uzee, jamani." Mama aligeuka akanitazama. Hukuwahi kutazamwa vile naye, wala mimi. Nilidhani atanikana pale pale, kwa sababu unamjua Mama, hawezi kupita karibu na kosa bila kulisahihisha. Lakini alitazama ile kalamu, akanitazama tena, kisha mabega yakashuka, akasema kwa sauti ya mtu mwingine kabisa, "Basi labda nimesahau."

Dada wa miwani akakata mstari juu ya zile herufi mbili.

Tulirudi. Langoni kwake akasimama akasema, "Umenitoa akili mbele za watu." Akaingia ndani.

Karakana imekwenda. Mashine ya kukata ilinunuliwa kama chuma chakavu, niliwaona wakiitoa kwa minyororo. Chumba kimejaa kreti mpaka dirishani. Bosi alilia, mimi sikulia, nilikuwa nahesabu kreti bila sababu. Sasa nafanya kibarua katika kiwanda kile kikubwa cha chapa, nafunga mabunda ya karatasi kwa plastiki. Hakuna gundi wala uzi. Wakopeshaji wamekubali nilipe kidogo kidogo kwa miezi kumi na nne. Nilimuuliza yule dada, nikimaliza nitakuwa safi? Akasema itaandikwa nimelipa, lakini kwamba nilichelewa haitafutika upesi, itakaa miaka. Alionekana kama aliyetaka kuniomba radhi.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nikuandikie.

Jumapili ya kwanza baada ya hapo nilimkuta Mama amekaa uani amevaa kanga nje ndani. Nikadhani ni haraka tu. Jumapili hii aliniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia. Nikaosha vyombo, nikarudi, akaniuliza tena. Jirani akaingia kumsalimu, Mama akamwita kwa jina la mwalimu aliyekufa zamani. Jirani akanivuta pembeni akasema, "Pole. Tulisikia yaliyotokea kule ofisini, kumbe ni kweli." Habari imeshaenea mtaa mzima. Na sasa kila mtu akija, Mama anasahau.

Lakini alipoondoka jirani, nilimwona Mama anahesabu vidonge vyake, na hakukosea hata kimoja.

Kitinda, sijui. Sijui kama anaigiza, ili neno nililolisema lisije likanigeuka nikaonekana nimesema uongo mbele ya serikali. Angeweza, yeye alibeba uongo wako mwaka mzima na sikuuona, mimi niliyekuwa nakaa naye kila Jumapili. Au kuna kitu kilichovunjika siku ile, nikakivunja mimi kwa mdomo wangu. Nimejaribu kumuuliza tukiwa wawili. Nilipiga magoti nikasema, "Mama, hapa hakuna mtu, ni mimi." Akanipapasa kichwani akaniuliza kama Kitinda ameleta.

Nikasema ameleta. Nikampa zile elfu nne.

Rudi nyumbani, mdogo wangu. Nauli nimeibandika nyuma ya barua hii kwa gamu, usiipasue. Mimi Mama amenificha mengi, lakini wewe ndiwe uliyemwambia ukweli wako kabla yangu. Kaa naye siku mbili tatu, mtazame vizuri, kisha niambie ni ipi kati ya hizo mbili. Niambie hata kama ni ile ninayoiogopa.

Dada yako